Namna ya kupanga usiku wa ngumi, kuanzia kuoanisha mabondia hadi bango la mwisho

Promota anayeanza huwa na jina moja kichwani. Anamjua bondia mwenye mashabiki, ameshauona ukumbi, anachotaka sasa ni tarehe. Mpinzani hajapatikana lakini bango limeshazagaa WhatsApp. Wiki nne baadaye mpinzani amebadilika mara mbili, mapambano ya kusindikiza yamejazwa na yeyote aliyeshika simu siku ya Alhamisi, na Jumamosi usiku kijana mwenye mapambano mawili anapanda ulingoni kuzichapa na mtu mwenye ishirini. Hapo ndipo mchezo wetu unapoumia, na wanaoumia zaidi ni wale ambao majina yao yameandikwa kwa herufi ndogo chini ya bango.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na njia hiyo. Kwanza nani apigane na nani, kisha uzito na mkataba, kisha mpangilio wa usiku, na bango mwisho kabisa. Nimeuandika kwa kuangalia ngumi za kulipwa Tanzania, ingawa sehemu kubwa itamfaa hata anayeandaa kickboxing au MMA, yaani mapigano mchanganyiko.

Anza na kamisheni na hesabu ya raundi

Tanzania Bara, ngumi za kulipwa ziko mikononi mwa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kenya kuna Kenya Professional Boxing Commission. Kabla hujaongea na meneja yeyote, nenda ukaulize mambo matatu: leseni ya promota, tarehe zilizokwishachukuliwa, na gharama za maofisa. Refa, majaji, mtunza muda na msimamizi wa pambano hupangwa na kamisheni, wewe unalipa. Usijaribu kuchagua majaji wala kuwapigia simu. Promota anayejulikana kuwa "ana majaji wake" hawezi kumpata mpinzani wa maana kutoka Nairobi au Lusaka, kwa sababu hakuna meneja atakayemleta mtu wake aje apokonywe.

Tarehe inagongana na mengi. Mechi ya Simba na Yanga siku hiyo hiyo itakumalizia watu. Mwezi mtukufu wa Ramadhani haufai, kwani mabondia wengi na mashabiki wengi wamefunga. Ila Sikukuu ya Idi na Boksingi Dei ni siku ambazo ngumi zetu zimezoea kujaza ukumbi, na ndiyo maana kumbi huwekewa malipo ya awali mapema sana.

Halafu panga kwa raundi, usipange kwa idadi ya mapambano. Mapambano manane yanaweza kuwa raundi 36 au raundi 60, na tofauti hiyo ni karibu saa moja na nusu ya ukumbi, taa, gari la wagonjwa na watu wenye hamu ya kurudi nyumbani. Kadi, yaani orodha ya mapambano ya usiku huo, ya kati yenye afya inaweza kuwa hivi: mapambano matatu ya raundi nne, mawili ya raundi sita, mawili ya raundi nane na moja la raundi kumi. Jumla raundi 50. Nitaitumia kadi hiyo kama mfano hadi mwisho.

Kusoma rekodi ya bondia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanapopita mbio. Rekodi ya 9-0, yaani kushinda tisa na kutopoteza hata moja, haikwambii kitu mpaka uwafungue wapinzani wake mmoja mmoja. Ingia BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, bonyeza jina la kila aliyepigwa. Ukikuta watu tisa ambao wote kwa pamoja hawana ushindi hata mara tano, wengine walikuwa wakicheza pambano la kwanza na la mwisho, unaye bondia ambaye bado hajajaribiwa. Kumkutanisha na mwenye 6-4 aliyepigana na watu wa kweli kunaweza kuwa hatari kwake kuliko mashabiki wanavyodhani, kwa sababu wao wanaona ile sifuri tu.

Kinyume chake pia ni kweli. Mwingereza Peter Buckley alistaafu mwaka 2008 baada ya mapambano 300, akiwa amepoteza 256. Ukiisoma rekodi hiyo kwa haraka utamdharau. Lakini alikuwa fundi wa kujilinda, aliyeitwa wiki baada ya wiki kuwafunza vijana wanaochipukia, akiwemo Naseem Hamed aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Bondia anayepoteza kwa pointi kila mara na bondia anayepoteza kwa kuzimishwa kila mara ni watu wawili tofauti kabisa, hata kama idadi ya vipigo ni ile ile. Wa kwanza ni mwalimu. Wa pili asipangwe. Anahitaji daktari, na mtu wa kumwambia ukweli.

Baada ya wapinzani, tazama mambo haya: alipigana lini mara ya mwisho, alipoteza vipi, kwa pointi, kwa TKO (refa kusimamisha pambano) au kwa KO (kuzimishwa), alipima kilo ngapi katika kila pambano, ana umri gani, anasimama kwa mkono wa kulia au ni wa kushoto, na anafanya mazoezi klabu gani. La klabu si dogo. Vijana wawili wanaopigana mazoezini kila siku kwenye gym moja hawatakupa pambano, watakupa maigizo, na hadhira ya Manzese au Temeke inaligundua hilo raundi ya pili. Uliza pia historia yake ya ngumi za ridhaa. Kijana mwenye 1-0 ya kulipwa lakini aliyewahi kuvaa jezi ya timu ya taifa si mwanafunzi, na ukimpa mwenye 0-0 wa kweli umemwonea yule mwingine.

Sasa tufanye mfano. Una bondia wa Temeke, uzito wa light, 5-0, KO tatu, miaka 22. Unamtafutia mpinzani wa raundi sita. Mezani una majina matatu. Wa kwanza ana 1-9, vipigo sita kwa KO. Wa pili ana 6-3, hajawahi kuzimishwa, alipigana miezi mitatu iliyopita. Wa tatu ana 14-2, KO kumi na moja, alikuwa anapigana uzito wa juu na sasa anashuka.

Meneja wa kijana atamtaka wa kwanza. Ukikubali, ukumbi utaona dakika mbili za mtu kupigwa, kijana hatajifunza lolote, na mtu mwenye vipigo sita vya KO ataongezewa cha saba. Wa tatu atauza tiketi, lakini raundi sita dhidi ya mtu mwenye uzoefu mara tatu yake zinaweza kumvunja kijana moyo kabla hajakomaa. Pambano lako ni la pili. Yule wa 6-3 atamfikisha raundi ambazo hajawahi kuzifika, atamlazimisha kufikiri, na yeye mwenyewe ana nafasi halisi ya kushinda. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kama huwezi kueleza kwa sentensi moja jinsi kila mmoja wa mabondia hao wawili anavyoweza kushinda, hilo si pambano, litoe kwenye kadi.

Rekodi ikishakuridhisha, nenda gym ukawaone. Video ya dakika moja aliyoituma meneja imechaguliwa na meneja. Ukikaa pembeni ya ulingo jioni moja utaona anavyopumua raundi ya nne, kama anafumba macho ngumi zikija, kama anaongea vizuri baada ya mazoezi. Anayeburuza maneno usimpange, hata kama cheti chake kina muhuri.

Uzito

Kwa kawaida ngumi za kulipwa huhesabiwa madaraja 17. Yanayojaa zaidi kwetu ni fly (kilo 50.80), bantam (53.52), feather (57.15), super feather (58.97), light (61.23), super light (63.50), welter (66.68), super welter (69.85), middle (72.57) na super middle (76.20). Desimali hizo zinatokana na vipimo vya asili kuwa vya paundi. Andika kilo kamili na desimali zake kwenye mkataba, maana kuandika "kilo sitini na kitu" ndiko kunakoleta ugomvi Ijumaa.

Mabondia wasipokutana daraja moja, mnaweza kukubaliana uzito wa kati. Floyd Mayweather na Saúl Álvarez walifanya hivyo Septemba 2013, paundi 152, yaani takriban kilo 68.9, chini kidogo ya kikomo cha super welter. Tambua kwamba makubaliano hayo humfaidi mmoja. Anayelazimishwa kushuka ndiye anayepoteza maji na nguvu, kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza kila mmoja anatembea na kilo ngapi siku za kawaida. WBC, mojawapo ya vyombo vinavyotoa mikanda ya dunia, hufuatilia hilo kwa mabondia wa mapambano yake ya ubingwa: siku 30 kabla ya pambano bondia asizidi uzito wake kwa zaidi ya asilimia 10, na siku 7 kabla asizidi kwa zaidi ya asilimia 5. Wewe huna mkanda wa WBC, lakini una simu na mizani ya gym. Mtumie mtu akawapime wiki mbili kabla. Aliyezidi kilo nane wakati huo atakuja kupima akiwa ameishiwa maji, na bondia aliyekauka maji ndiye anayepata madhara ya ubongo kirahisi.

Siku ya kupima, mizani iwe imehakikiwa, iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, na isiguswe na mtu yeyote zaidi ya ofisa wa kamisheni. Tazama miguu ya watu walio karibu. Oktoba 2005 huko Las Vegas, kabla ya marudiano ya Diego Corrales na José Luis Castillo, daktari wa kambi ya Castillo alikamatwa akiwa ameingiza mguu wake chini ya mizani ili namba ishuke. Castillo alikuwa amezidi, pambano likaendelea bila mkanda kuwa hatarini kwa Corrales, na Corrales akapigwa KO raundi ya nne. Walipopangwa tena Juni 2006, Castillo alizidi tena na pambano likafutwa siku moja kabla. Ukumbi, tiketi, televisheni, vyote vikayeyuka kwa sababu ya kilo mbili.

Kwa hiyo mkataba useme mapema nini kitatokea mtu akizidi: muda wa kurudi kupima mara ya pili, asilimia ya malipo yake itakayokwenda kwa mpinzani, na kiwango ambacho kikipitwa pambano linafutwa bila mjadala. IBF, chombo kingine cha mikanda ya dunia, kwa mapambano yake ya ubingwa, hupima tena asubuhi ya pambano na hairuhusu bondia awe amezidi kikomo kwa zaidi ya paundi 10, kama kilo nne na nusu. Wazo hilo ni zuri hata kwa kadi ndogo, maana huzuia mtu kupima kilo 61 na kupanda ulingoni akiwa na 68.

Mkataba ambao bondia anauelewa

Uandike kwa Kiswahili. Bondia wa raundi nne akipewa kurasa sita za Kiingereza atasaini tu, na siku ya malipo ndipo vita vitaanza. Kinachotakiwa kinatosha kurasa mbili: majina halisi na ya ulingoni, tarehe na ukumbi, uzito, idadi ya raundi na dakika zake, ukubwa wa glavu, jina la mpinzani, kiasi cha fedha kabla na baada ya makato, siku ya kulipwa, nauli na malazi, nani analipia vipimo vya afya, nani analipia matibabu akiumia, na nini kitatokea mpinzani akibadilika au onyesho likiahirishwa.

Glavu kwa kawaida ni aunsi 8 hadi uzito wa welter, na aunsi 10 kuanzia hapo kwenda juu. Wanaume hupigana raundi za dakika tatu, wanawake dakika mbili. Mkanda wa dunia huwa raundi 12 kwa wanaume na kumi kwa wanawake. Zamani ulikuwa raundi 15, hadi Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini Novemba 1982. WBC ikapunguza hadi 12, wengine wakafuata. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu kuna mapromota wanaoongeza raundi ili bango lionekane zito. Raundi ni mzigo kwenye kichwa cha mtu. Bondia ambaye hajawahi kucheza nane asipewe kumi.

Kipengele cha marudiano kiandikwe kwa uangalifu. Juni 2019 Andy Ruiz alimpiga Anthony Joshua New York, akiwa ameitwa kuziba nafasi ya Jarrell Miller aliyekutwa na dawa zilizokatazwa. Kambi ya Joshua ilikuwa na haki ya marudiano ndani ya mkataba, ikaitumia, na Desemba mwaka huo wakarudiana Diriyah, Saudi Arabia, ambako Joshua alirudisha mikanda yake. Kipengele hicho ni halali kwa bingwa anayehatarisha kitu kikubwa. Kwenye pambano la kawaida la raundi nane ni kamba ya kumfunga kijana aliyeshinda asiende kutafuta riziki kwingine. Kiondoe.

Kuhusu fedha nina msimamo mmoja, na wengine huniona mkali: malipo ya mabondia wote yawe yameshawekwa kwa kamisheni au benki kabla ya siku ya kupima uzito. Fedha ya mlangoni isitegemewe. Mvua ikinyesha watu wasije, hasara ni ya promota, kwa sababu faida nayo ingekuwa ya promota.

Mpangilio wa usiku

Kadi husomwa kutoka juu kwenda chini, lakini huchezwa kutoka chini kwenda juu. Pambano kuu ni la mwisho. Chini yake kuna pambano kuu la pili, ambalo lazima liwe na uwezo wa kusimama peke yake kama la kwanza likivunjika. Chini ya hapo ni mapambano ya kusindikiza, yanayopanda taratibu kwa raundi na kwa ubora.

Kosa la kawaida ni kuweka vijana wote wa raundi nne mwanzoni ukumbi ukiwa mtupu, halafu mapambano mawili mazito yenye mtindo unaofanana yafuatane. Changanya. Baada ya pambano la mafundi wawili wanaovizia, weka wawili wanaotandikana. Pambano la wanawake lisitupwe la kwanza kwa mazoea. Aprili 2022 Katie Taylor na Amanda Serrano walikuwa pambano kuu Madison Square Garden na ukumbi ulijaa. Nairobi, Fatuma Zarika ametetea mkanda wake wa WBC mbele ya watu wa nyumbani. Mwanamke mwenye jina apewe nafasi ya jina lake. Na kijana wa mtaa wenyewe, yule anayeleta mashabiki mia wenye matarumbeta, mpange katikati. Akipigana wa kwanza, mashabiki wake watakuwa bado nje, na akimaliza mapema wataondoka naye.

Muda unahesabika. Raundi nne za dakika tatu na mapumziko yake ni dakika 15. Raundi sita ni 23, nane ni 31, kumi ni 39, na 12 ni 47. Kwa wanawake, raundi kumi za dakika mbili ni dakika 29. Kwenye kadi yetu: matatu ya nne ni dakika 45, mawili ya sita ni 46, mawili ya nane ni 62, na la kumi ni 39. Jumla dakika 192. Kila pambano linahitaji kama dakika kumi za kuingia, kutambulishwa, kukaguliwa glavu na kutangazwa matokeo, kwa hiyo ongeza 80. Ni saa nne na dakika 32 kama kila pambano litafika mwisho. Ukianza saa 12 jioni unamaliza saa 4:32 usiku. Ukianza saa 2, kama tulivyozoea, refa anainua mkono wa mshindi saa 6:32 usiku, wakati watu wa Mbagala na Gongo la Mboto wameshaondoka kuwahi usafiri.

Lakini mapambano hayafiki yote mwisho. Matatu yakiisha kwa KO mapema unapata saa nzima tupu, na kama televisheni imekupa muda maalumu wa pambano kuu huwezi kulisogeza mbele. Dawa yake ni pambano la akiba: mabondia wawili wa raundi nne walioambiwa tangu mwanzo kwamba watapanda wakati wowote pengo litakapotokea, na wanaolipwa hata wasipopanda. Ni kazi ngumu, kwani wanakaa wamefungwa bandeji kwa saa kadhaa, mwili ukipoa na kupashwa tena. Walipe zaidi ya wenzao wa raundi nne.

Televisheni ndiyo mwenye saa. Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 saa 10 alfajiri, ili Wamarekani wa pwani ya mashariki watazame saa 4 usiku wao. Watu wa Kinshasa walikesha uwanjani kwa ajili ya ratiba ya bara jingine. Pambano hilo lenyewe lilikuwa limepangwa tarehe 25 Septemba, likasogezwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini. Serikali ya Mobutu ilishaahidi dola milioni tano kwa kila bondia, kwa hiyo wote wawili walibaki Zaire wakisubiri kidonda kipone. Ukikubaliana na kituo cha televisheni, andika mapema pambano lipi linaanza saa ngapi na nini kitarushwa likichelewa.

Bango

Sasa unaweza kumwita mtengeneza mabango, kwa sababu una mikataba iliyosainiwa. Jina la bondia ambaye hajasaini halipandi bangoni. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloua imani ya wanunuzi wa tiketi: wakishadanganywa mara moja, mara ya pili wanasubiri mlangoni mpaka wamwone bondia anaingia.

Nani awe kushoto, au juu? Bingwa anayetetea ndiye wa kwanza. Kama hakuna ubingwa, ni yule mwenye kiwango cha juu, au mwenyeji mwenye jina kwa hadhira hiyo. Ulingoni huwa kinyume: mpinzani huingia kwanza, bingwa huingia na kutangazwa mwisho. Mizozo juu ya hilo huonekana ya kitoto lakini imeshavunja mapambano, kwa hiyo iandikwe ndani ya mkataba, pamoja na ukubwa wa picha. Ukubwa wa herufi uendane na uzito wa pambano. Usimweke mtu kwa herufi kubwa kwa sababu meneja wake ni rafiki yako.

Chini ya kila jozi ya majina andika raundi, uzito na kama kuna mkanda, mkanda wa nani. "Raundi 10, super welter, lisilo la ubingwa" ni maneno ya heshima kabisa. "Ubingwa wa dunia" bila kutaja chombo ni ulaghai. Vyombo vinne vikubwa vinajulikana: WBC, WBA, IBF na WBO. Mkanda wa chombo kidogo, au wa kanda, au wa Afrika, una thamani yake na bondia aliyeushinda ameutolea jasho, basi uitwe kwa jina lake kamili. Na kila chombo hutoza ada ya kuidhinisha pambano, kwa hiyo ujue mapema kama mkanda huo unaongeza tiketi au unakula fedha ambazo zingewalipa vijana watatu wa raundi nne.

Weka majina yote ya mapambano ya kusindikiza, kwa herufi zinazosomeka. "Na mapambano mengine mengi" si tangazo. Yule kijana atalipiga picha bango hilo, mama yake atalionyesha kwa majirani, klabu yake itanunua tiketi ishirini. Tarehe, ukumbi, saa ya pambano la kwanza na viingilio visitafutwe kwa darubini.

Kwa MMA kanuni ni ile ile, ila hesabu ni nyingine. Pambano la kawaida ni raundi tatu za dakika tano, yaani dakika 17 pamoja na mapumziko, na la ubingwa ni raundi tano, dakika 29. Kwenye kurasa za UFC, kampuni kubwa ya MMA, kona nyekundu kwa kawaida ni ya bingwa au mwenye kiwango cha juu. Kama unachanganya ngumi na kickboxing usiku mmoja, yapange mafungu mafungu, kwa sababu glavu, kanuni na hata refa vinabadilika.

Mpinzani akijitoa

Atajitoa. Ataumia, visa itakwama, au vipimo vya damu vitarudi vibaya. Kwa hiyo kwa kila pambano kuanzia raundi nane, uwe na jina la pili ambaye meneja wake anajua kuwa yuko akiba, vipimo vyake vya virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C vikiwa tayari, uzito wake ukiwa karibu. Kosa ni kutafuta mtu Alhamisi kwa kigezo cha "nani yupo".

Anayeitwa ghafla si lazima awe kafara. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kwa taarifa fupi kupigana na Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, kwenye kadi ya kusindikiza ya Amir Khan. Waandaaji walimwona kama jina la kujazia. Akashinda kwa TKO raundi ya pili. Nchi nzima iliamka ikizungumzia pambano ambalo kwenye bango la Birmingham halikuwa la juu. Lakini kwa kila Mwakinyo kuna mabondia wengi wetu waliopandishwa ndege wakiwa na siku chache za maandalizi, wakarudi na kipigo na kichwa kinachouma. Kama wewe ndiye unayemwita mtu kwa taarifa fupi, punguza raundi, ongeza malipo, kubali uzito wake wa sasa, na mpe kocha wake haki ya kukataa. Ukishindwa kumpata anayelingana, lifute pambano hilo na utangaze mapema. Kadi ya mapambano saba ni kadi.

Usiku wenyewe na asubuhi yake

Daktari akiwa hajafika, hakuna kengele. Gari la wagonjwa liwe nje, limeelekea barabarani, na halimpeleki shabiki aliyezimia, kwa sababu likiondoka mapambano yote lazima yasimame hadi lirudi. Kwa Dar es Salaam, upasuaji wa ubongo unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, basi dereva aijue njia ya kutoka ukumbini hadi pale saa za foleni, na hospitali iwe imeshaarifiwa kuwa kuna ngumi usiku huo.

Mabondia walipwe usiku ule ule, kwa kusaini, wa raundi nne wakiwa wa kwanza kwa sababu ndio waliotangulia kupigana na ndio wanaotegemea daladala. Matokeo yapelekwe BoxRec kupitia kamisheni bila kuchelewa, yakiwemo ya walioshindwa, ili promota mwingine asije akampanga mtu aliyezimishwa juzi. Kamisheni nyingi humpumzisha aliyepigwa KO kwa siku 30, 60 au 90. Andika tarehe ya mwisho ya mapumziko hayo kwenye daftari lako na umtumie kocha wake.

Jumapili asubuhi piga simu kwa kila aliyeangushwa, na uongee pia na mtu anayeishi naye. Uliza kama anatapika, kama kichwa kinauma kuliko jana, kama analala kupita kiasi au anaongea ovyo. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, kwa gharama yako. Piga tena Jumatatu.